Baraza la Kinanda la Kuwalinda Wanafunzi wa Ng'ambo

Siku ya Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa tatu kasorobo ya asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha huku jua likiwaka, bwana mmoja aliyejulikana mjini kwa jina la Kinanda alijibanza chini ya kibaraza cha duka la fotokopi. Mvua yenyewe hakuiogopa. Aliihurumia suti yake. Suti hiyo ilikuwa moja tu, na kwa mtu wa kazi yake suti ni kama jembe kwa mkulima: likivunjika mpini, nyumba nzima inalala njaa.

Aliitwa Kinanda kwa sababu ya sauti. Ilikuwa nene, tulivu, yenye mapigo ya ibada, na walioombwa fedha kwa sauti hiyo walijikuta wameinamisha vichwa kabla ya kufungua pochi. Kwa sauti hiyo alikuwa ameshauza viwanja vilivyo chini ya maji, na nafasi za ubaharia katika meli ambazo hazijaundwa. Alijivunia kwamba hakuwaibia wenye njaa, ila wenye tamaa tu. Hatutamsifu kwa hilo. Mwizi mwenye kuchagua ni mwizi vilevile, kama vile mchuzi uliochacha hautakaswi na bakuli zuri.

Mlango wa pili kutoka pale ulikuwa wa wakala wa masomo ya ng'ambo, ambaye mtaa mzima ulimwita Ndege, kwani kila alipoulizwa swali alijibu kwamba ndege iko tayari. Mbele ya meza yake alisimama mzazi mmoja mwenye faili la vyeti kwapani.

"Chuo chenyewe kiko mji gani?" mzazi aliuliza.

"Mzee wangu, ndege iko tayari."

"Sijauliza ndege. Mtoto atalala wapi?"

"Malazi daraja la kwanza."

"Na ithibati?"

"Ithi... ithi nini, mzee?"

"Ithibati. Gazeti limesema mzazi asitoe hata senti kwa wakala asiye nayo. Huko ng'ambo wameweka viwango. Mwanafunzi aambiwe ukweli kuhusu chuo, awe na pa kulala, asinyang'anywe pasi yake, na chuo kikifungwa arudishiwe ada yake. Wewe ithibati yako umepewa na nani?"

"Mimi nina leseni ya biashara, mzee."

"Hata muuza mkaa anayo," alisema mzazi, akafunga faili lake, akatoka mvuani akitembea kama mtu aliyenusurika kugongwa.

Ndege aliketi, mikono kichwani. Mpita njia mwingine angemwona wakala aliyepoteza mteja. Kinanda alimwona mteja. Aliionja ile *ithibati* mdomoni mara tatu, akaiona tamu, akaikunja suruali yake juu ya vifundo na kuvuka barabara.

Chini ya ngazi za jengo la pili alifanya kazi kaka wa mkewe, mchonga mihuri ya mpira. Wawili hao waliitana shemeji, na walipendana kwa tahadhari, kama wapendanavyo watu wanaojuana vizuri.

"Shemeji, nichongee muhuri."

"Wa nani safari hii?"

"Baraza la Ubora na Ulinzi wa Wanafunzi wa Ng'ambo."

"Hilo baraza liko wapi?"

"Ndilo unalichonga."

Shemeji hakucheka. Aliivuta taa karibu akaanza kupima mpira, huku Kinanda akiketi juu ya kreti na kuandika kanuni. Tukiri haki: ziliandikwa vizuri. Kinanda alikuwa na kipaji ambacho, kama kingelelewa kwa nidhamu, kingemfikisha kwenye meza ya uhakimu badala ya kizimba chake. Kanuni ya kwanza ilimtaka wakala aseme kweli. Ya pili ilimkataza kuonyesha picha ya hoteli na kuiita bweni. Ya tatu iliharamisha kushika pasi ya mtoto wa mtu. Kila kanuni ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia, kwa sababu mwandishi wake hakukusudia kuifuata hata moja, na uandishi wa namna hiyo huwa huru sana.

"Ya tano," alisoma kwa sauti. "Kila wakala ataweka kwenye Baraza amana, ambayo itamlipa mwanafunzi yeyote atakayedhulumiwa na wakala huyo."

Shemeji alisimamisha kisu. "Hapo andika ada."

"Kwa nini?"

"Ada ikilipwa imelipwa, mlipaji akaenda zake. Amana ni mali ya mtu iliyolala kwako. Siku yoyote mwenyewe anagonga mlango."

"Shemeji, wewe ni fundi wa mpira, mimi ni fundi wa watu. Ada inanuka biashara. Ndege ni mla ada. Akilisikia hilo neno atashika mfuko. Lakini amana inanukia! Ukimwambia mtu toa amana, anajiona muungwana hata kabla hajatoa."

"Nimekwambia."

"Na mimi nimekusikia. Chonga."

Hivyo ndivyo neno moja lilivyoingia kwenye kanuni kwa sababu ya harufu yake. Wapo watu walioangamizwa na pombe, wapo walioangamizwa na kamari. Kinanda ni mtu wa kwanza tunayemjua aliyeponzwa na msamiati.

Siku ya pili alikwenda benki kufungua akaunti. Karani aliyempokea alikuwa dada mwenye miwani, aliyesoma karatasi za kanuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo Kinanda aliliona la ajabu kwa mtu anayelipwa mshahara.

"Hii amana ni ya nani?" karani aliuliza.

"Ya wanafunzi, mwanangu," alijibu Kinanda kwa sauti ile ya ibada. "Sisi ni walinzi tu."

"Basi inafunguliwa kama akaunti ya amana. Masharti yake yamo ukurasa wa nyuma. Utahitaji pia saini ya mtu wa pili, mwenye heshima zake, asiye ndugu yako."

Kinanda, aliyeishi miaka yote kwa fadhila ya watu wasiosoma ukurasa wa nyuma, alitia saini bila kuugeuza ukurasa. Kisha alisimama katikati ya ukumbi akiwaza atampata wapi mtu mwenye heshima zake.

Hapo hapo bwana mmoja mwenye tai pana alijipenyeza mbele ya foleni.

"Wewe mwenye tai," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma, bila kupandishwa. "Foleni inaanzia wapi?"

Mwenye tai alifungua mdomo, akamwona msemaji, akaufunga, akarudi nyuma kabisa. Foleni nzima ilinyooka. Kinanda mwenyewe, ambaye hakuwa kwenye foleni, alishangaa kukuta vidole vyake vimeshafunga kifungo cha koti.

Aliyesema alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye gauni lililopigwa pasi mpaka likawa na kingo, na saa ndogo iliyobanwa kifuani. Kinanda alimwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa mkono mfukoni."

Aliutoa. "Mama, bila shaka wewe ni mwalimu."

"Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka nilipostaafu. Unataka nini?"

Kinanda alimweleza habari za Baraza kwa mapigo yake yote: watoto wa watu wanavyopotea ng'ambo, mawakala wasio na huruma, viwango, ulinzi, amana. Matroni alimsikiliza huku akimtazama kama anayekagua shuka.

"Na nani atawalinda hao watoto?" aliuliza mwishowe.

"Mimi na wewe, mama."

"Mimi najijua. Haya, nitakuja kesho saa moja na nusu. Usichelewe."

"Mama, mimi ndiye mwajiri."

"Ndiyo maana nimekwambia usichelewe."

Ofisi ya Baraza ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Kilinuka sponji, na sakafu yake ilitikisika kila mteja wa chini alipojaribu kurukia godoro. Kulikuwa na meza, viti vitatu na ramani ya dunia iliyochakaa mahali pote ambapo watoto hupelekwa kusoma. Muhuri wa Shemeji ulikaa katikati ya meza juu ya kitambaa chekundu, kama mtoto wa mfalme.

Ndege alikuwa wa kwanza kupanda ngazi.

"Nasikia mnatoa ithibati."

"Hatutoi, ndugu yangu. Tunaridhia," alisema Kinanda. "Kanuni ndizo hizi. Zisome."

"Sina haja. Shilingi ngapi?"

"Fedha! Unamsikia, Matroni? Ndugu yangu, hapa hakuna bei. Kuna amana."

Alipotajiwa kiasi, Ndege alipiga mluzi. "Hiyo ni amana au mahari? Na itarudi?"

"Wakala mwema hurudishiwa yote."

"Na asiye mwema?"

"Kwani unamfahamu yeyote?"

Wote wawili walicheka, kila mmoja akimcheka mwenzake. Ndege alilipa kwa hundi, akaondoka na cheti chenye muhuri, akakibandika dirishani. Kufikia jioni alikuwa amepata wateja wawili. Kufikia mwisho wa juma mawakala wote wa mtaa ule walikuwa wamepanda ngazi za duka la magodoro, wakiwa na hundi mkononi na wivu moyoni, kwa maana hakuna kinachomuuma tapeli kama kumwona tapeli mwenzake anaaminiwa.

Matroni hakukaa ofisini. Alisema amewekwa kukagua, basi atakagua. Aliingia katika ofisi moja baada ya nyingine bila hodi ya pili, na mabwana wazima wenye mvi, waliowahi kudanganya mabalozi bila kupepesa macho, walisimama wima nyuma ya meza zao. Mtu aliyepata kulala bwenini, hata akiwa na wajukuu, haisikii sauti ile akiwa ameketi. Kwa Ndege aliinua picha iliyokuwa ukutani.

"Hiki ni chuo?"

"Ndiyo, mama."

"Chuo chenye bwawa la kuogelea na wahudumu wenye tarabushi?"

"Ni... ni chuo cha hoteli, mama."

"Ishushe."

Aliishusha. Matroni alimuuliza aliwapeleka wapi wanafunzi wa mwaka uliopita, nao sasa wako wapi, na Ndege alikumbuka kwa ghafla kwamba ndege iko tayari.

Kinanda alizipokea habari hizo kwa furaha. Kadiri Matroni alivyowatisha ndivyo walivyozidi kuamini kwamba Baraza lipo, na yeye mwenyewe nusura aamini. Lakini alikuwa mtu wa mipaka. Ilipofika wiki ya mwisho ya mwezi aliona shamba limeiva, akanunua tiketi ya basi la Ijumaa jioni, akaenda benki kuvuna.

"Haiwezekani," alisema yule karani mwenye miwani.

"Mwanangu, mimi ndiye mwenyekiti."

"Ndiyo. Lakini hii ni amana ya wanafunzi, ulisema mwenyewe. Kwa kanuni yako ya tano, hulipwa mwanafunzi aliyedhulumiwa, kwa hundi yenye jina lake, mkitia saini wote wawili." Alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni mwanafunzi?"

Kinanda aligeuza ukurasa wa nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yalikuwa humo yote, kwa maandishi ya kawaida kabisa, wala si madogo.

Alitembea mizunguko kadhaa kabla ya kurudi ofisini. Fedha zote zile, zimelala nyuma ya kioo, na ufunguo wake ni watoto wanaolia! Alipofika juu ya ngazi, hata hivyo, alikuwa amekwishatabasamu. Kama benki inataka wanafunzi waliodhulumiwa, basi na wapatikane. Mji hauna uhaba wa vijana wasio na kazi wenye sura ya huzuni.

Matroni alikuwa akipanga viti.

"Mama," alianza, kwa sauti ya chini kabisa ya kinanda chake, "fedha zikilala sana hupata kutu. Tunahitaji wanafunzi waliotapeliwa na mawakala wetu."

"Wangapi?"

"Wa kutosha amana yote. Lakini, unanielewa, mama, wawe na maelezo. Wawe na machozi."

"Machozi wanayo."

Kinanda alimtazama vizuri. Aliona uso uliotulia, akausoma alivyotaka. "Na wakishalipwa, wavuke barabara. Nitakuwa mgahawani, meza ya dirishani. Kila mmoja atabakiwa na chochote, cha jasho lake."

Matroni alivua saa yake kifuani, akaitia ufunguo polepole, akaibandika tena. "Yaani nikuletee vijana, waje waseme mawakala hawa waliwatapeli, nawe utie saini walipwe."

"Umenielewa kama umenizaa!"

"Nimekuelewa. Nitawaleta Jumatano. Habari ya barabara niachie mimi."

Walikuja Jumatano asubuhi, wakajipanga kwenye ngazi kwa unyamavu uliomfurahisha Kinanda. Waigizaji wenye nidhamu, alijiambia, si jambo dogo. Aliketi nyuma ya meza, akamwambia Matroni awaingize mmoja mmoja, ili kila mmoja aoneshe uwezo wake kabla hajakabidhiwa hundi. Kijana wa kwanza alisimulia jinsi kumi na wawili walivyolazwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Kinanda alimshauri awapunguze wawe wanane, wasije wakaonekana wameongezwa chumvi. Wa pili alisema chuo chake kilifungwa wiki aliyofika. Huyo alipita bila marekebisho.

Kisha aliingia binti mwembamba, mwenye sweta lililonyofolewa nembo ya shule.

"Karibu, mwanangu. Anza."

"Baba ni mchomea vyuma," binti alisema. "Aliuza mashine yake ya kuchomea ili nilipiwe ada. Nilipofika uwanja wa ndege hakuna aliyenipokea. Nikachukua anwani ya chuo, nikaenda kwa miguu. Nilikuta ghala la matairi."

Kinanda aliinua kidole. "Simama hapo hapo. Ghala la matairi hapana."

"Lakini lilikuwa la matairi."

"Najua, umejiandaa, na ni vizuri. Ila hakuna atakayeamini. Sema jengo tupu."

"Halikuwa tupu. Lilikuwa limejaa matairi."

"Mwanangu, nisikilize mimi, nimeanza kazi hii hujazaliwa. Uongo... yaani, habari, lazima iwe nyembamba. Ukiijaza matairi haipiti mlangoni."

Binti alimgeukia Matroni. "Nibadilishe?"

"Sema yaliyokupata," alisema Matroni.

"Mlinzi wa ghala alinihurumia," binti aliendelea. "Alinipa tairi moja nikalie mpaka kukuche."

Kinanda alipiga meza kwa kiganja, muhuri ukaruka. "Loo! Hiyo iache, usiiguse! Hilo tairi la kukalia linauma kweli. Umelitoa wapi?"

"Nililikalia."

"Hodari! Endelea."

"Mwenye nyumba niliyopanga alichukua pasi yangu mpaka nimalize kufua nguo za nyumba nzima, msimu mzima. Sasa nimerudi. Nimepata nafasi katika chuo cha kweli, nimeulizia mwenyewe, nimezungumza na wanaosoma huko. Lakini ada mwisho ni Ijumaa hii saa sita. Ikipita, nafasi wanampa mwingine. Baba hasemi kitu. Anakwenda kila siku kusimama mbele ya karakana iliyonunua mashine yake, anaiangalia inavyofanya kazi."

Machozi yalimtoka. Hayakuwa mengi, na aliyafuta haraka kwa mkono wa sweta, kama anayeona aibu. Kinanda alivuta kitabu cha hundi karibu. Alikohoa, akajipongeza kwa kupata kikosi chenye vipaji namna hii.

"Binti, kulia hivi ulijifunzia wapi?"

"Uwanja wa ndege," alisema binti.

Kinanda alicheka mpaka akashika ubavu, akatia saini hundi yake kwa mkia mrefu kuliko nyingine zote. Alitia saini siku ile mpaka kalamu ikapata joto, na Matroni, aliyeketi kando yake, aliweka saini yake ndogo iliyonyooka chini ya kila mkia. Aliandika jina, akakausha wino, akaita, "Anayefuata!"

Ijumaa, siku ya hundi zile kulipwa, ilianza vizuri. Kinanda alikaa mezani pake, dirishani mwa mgahawa unaotazamana na benki, begi lake la safari likiwa miguuni, chai na mkate mbele yake. Mlango wa benki ulifunguliwa. Alitoka yule kijana wa kwanza, wa chumba cha watu kumi na wawili. Kijana alimwona, akainua mkono, akapaza sauti ng'ambo ya barabara, "Asante sana, mzee!" na akashika njia ya kulia.

"Mjanja," Kinanda alijiambia. "Anazunguka nyuma ya jengo ili asionekane."

Alitoka wa pili, akashukuru, akashika njia ya kushoto. Wa tatu aliruka juu mara mbili penye ngazi, akakimbia. Kinanda aliagiza chai nyingine, ambayo hakuinywa. Wakawa wanatoka kama chungu kwenye shimo lao, wote wakimpungia mkono, na wapita njia wakaanza kumtazama yule bwana wa dirishani kwa heshima. Hakuna aliyevuka.

Hatimaye alitoka binti wa sweta, akiwa na mwanamume mwenye mikono yenye alama ndogondogo nyeusi za cheche. Wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakavuka. Kinanda alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa tangu asubuhi.

Mwanamume aliingia, akaishika mikono yake yote miwili. "Mzee, sina cha kukupa ila dua. Mungu akuzidishie."

"Amina. Ehe?"

"Ehe nini, mzee?"

"Huo mzigo."

"Mzigo gani? Sisi tunawahi kulipa chuo, wanafunga dirisha saa sita."

"Pole pole, ndugu yangu. Kuna mgawo. Matroni hakuwaeleza habari ya barabara?"

"Alitueleza," alisema binti. "Alisema tuangalie magari. Na mgawo haupo, mzee. Kanuni ya tisa: mwanafunzi asitozwe chochote kwa kurudishiwa kilicho chake. Umeiandika vizuri sana."

Kinanda alitazama alama za cheche kwenye mikono iliyoshika mikono yake. Zilikuwa za zamani na za karibuni, zimepandana, na hakuna mwigizaji katika mji wowote anayejipamba namna hiyo hadi kwenye kucha.

"Binti," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mapigo yoyote, "lile ghala la matairi..."

"Nilikwambia, mzee. Lilikuwa limejaa."

Wakaaga, wakatoka wakikimbia, baba mbele.

Kinanda aliliacha begi, akaacha chai, akapanda ngazi za duka la magodoro mbilimbili. Chumba kilikuwa kimejaa. Benki ilikuwa imewaarifu mawakala kwamba amana zao zimetumika, nao walikuja wote kwa pamoja, Ndege mbele, wakipiga kelele zilizofanya sakafu icheze. Matroni alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Huyu hapa!" Ndege alifoka alipomwona Kinanda. "Amana yangu iko wapi?"

Kinanda alifungua mdomo, na kinanda kikakataa kulia.

"Wewe," Matroni alimwambia Ndege, "hapa si sokoni. Vueni kofia."

Kofia zilivuliwa. Mmoja aliyekuwa akitafuna kitu alikimeza.

"Amana zenu zimekwenda kwa wenyewe. Anayeona amelipwa mtu asiyestahili, twende polisi sasa hivi, nitamsindikiza. Atawaeleza askari kwamba hakumpeleka binti wa watu kwenye ghala la matairi." Aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine. "Nani anakuja? Ndege?"

Ndege alikagua viatu vyake.

"Simama wima ninapokuuliza."

"Hakuna haja ya polisi, mama."

"Basi shukeni. Kwa foleni, ngazi ni nyembamba."

Walishuka kwa foleni. Aliyekuwa nyuma kabisa aligeuka mlangoni, kofia mikononi. "Mama, na ile ithibati? Wateja wanaiulizia."

"Utaweka amana upya. Na kabla ya hapo nitakuja kukagua."

"Jumatatu itafaa?"

"Saa moja na nusu."

Chumba kilipotulia, Kinanda alijiegemeza ukutani, chini ya ramani. Alihisi kizunguzungu cha mtu aliyeibiwa mfukoni na mkono wake mwenyewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu benki. Mkweli hasemi taratibu kiasi kile." Matroni alikuwa akikusanya karatasi. "Wasichana wa bweni langu walirudi mmoja mmoja kutoka huko, wamekonda, hawana pa kushtaki. Nilikuwa nikitafuta mlango wa kugonga. Ukaja wewe na mlango, umeubeba mgongoni."

"Umenitapeli, mama."

"Ulitaka wanafunzi waliotapeliwa na mawakala wako, wenye maelezo na machozi. Ni kipi ambacho sikuleta?"

Chini, mteja alirukia godoro, na kitambaa chekundu kikatetemeka. Ilibidi Kinanda aseme jambo, kwa kuwa hata mtu aliyeshindwa ana tumbo la kufikiria.

"Sawa. Amana ni ya wanafunzi. Lakini chumba hiki nilikilipia mimi, mfukoni mwangu, kodi ya mwezi mzima. Sikuichukua kwa mtu. Sasa Baraza ni lako, na chumba unakitumia wewe. Angalau hiyo nirudishie, mama. Ni haki yangu."

Matroni alilisikiliza dai hilo mpaka mwisho, kama alivyosikiliza mengine yote.

"Hapana," alisema. "Sikurudishii. Mkataba wa chumba una jina lako, na mwezi ujao unalipa tena tarehe moja."